Sentensi Mia Sita

6 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na mgongo wako umeacha vituko. Mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo inanionea, na kazini tunapima kompyuta zilizorudishwa na wateja mpaka nimeanza kuziota.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezi kusema kitu. Simu ni ya mama, mama anasoma kila ujumbe unaoingia, na wewe masikio yako yaliliwa na spika za watu zamani, kwa hiyo nikikunong'oneza atanisikia yeye kabla yako. Juzi nilikuuliza daktari amesema nini, ukanijibu kwamba mvua imeanza vizuri. Nikajua mama amekaa ubavuni kwako.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kwamba kwa ugonjwa huu wa mama, misuli ya mdomo na koo ndiyo itatangulia. Kwamba daktari alikuvuta kando kwenye korido akakwambia sauti ya mama ina miezi mitatu, ikizidi sana minne. Na habari ya yule mtaalamu wa matamshi nayo nimeielewa: mama asome sentensi mia sita mbele ya kompyuta, kompyuta izikubali moja moja, ili siku sauti ikiondoka awe anaandika na mashine inasema kwa sauti yake mwenyewe. Hospitali wana kompyuta moja na foleni yake inafika mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka hautufai. Tutatengeneza yetu.

Katika mzigo huu utakuta ubao mama, yaani ule ubao mkubwa unaobeba vyote, prosesa, ndiyo ubongo wenyewe, ndani ya kijisanduku chake (usiishike upande wenye dhahabu, baba, nakuomba), vipande viwili vya kumbukumbu, na diski yenye programu ya mtaalamu. Kasha na sanduku la umeme tumia vya kompyuta ile ya zamani ya kibandani kwako. Ningeweza kukutumia mashine iliyokwisha kuungwa, ila umekataa, umesema fundi redio wa miaka arobaini hatumiwi kitu kilichofungwa kama zawadi ya harusi. Haya, fundi. Mzigo anao dereva wa basi, yule mnayemwita Kobe. Kawaida yake ni siku nane.

Mbusu mama. Mwambie haraka hii ni kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, asiniulize zaidi.

Mwanao,
Chiriku

21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mgongo hauna adabu lakini tunaelewana. Mama yako anakusalimu sana, anasema ule chakula cha kueleweka uache kuishi kwa mkate na chai. Neno mkate lilimtoka nusu, nusu nyingine akaimalizia kwa mkono.

Kobe alifika siku ya kumi na moja, kama jina lake. Nimeunga kila kitu kwa siku tatu. Si kwamba ni kazi ngumu, ni woga. Nikachomeka. Feni zikazunguka, taa ya mbele ikawaka, mama yako akaleta kiti. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Nimepima umeme kila mahali na umo. Nimetoa vyote nikarudisha vyote. Redio ikiwa na umeme na haina sauti, naifuata sauti hatua kwa hatua mpaka pale ilipopotea, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Hapa sijui nifuate nini. Nimekaa mbele ya ubao wako nimeshika bisibisi kama mtu aliyeombwa kushikilia tu kwa muda.

Mama yako ameshachapishiwa zile sentensi na anazifanyia mazoezi hapo mlangoni. Anazilalamikia. Nyingi ni za kuomba maji na kushukuru watu, na yeye anasema, "Miaka ishirini na mbili nimeita majina ya wagonjwa dirishani, nimegombana na kila aliyeruka foleni, leo nife nikisema asante tu? Hakuna hata moja ya kugombana." Nilimtolea kinasa sauti changu cha kaseti, nikamwambia tuanze na hiki. Akakisukuma. Kaseti, anasema, ni ya kuwaachia watu waje walie. Yeye anataka kitu cha kumjibia mtu papo hapo. Na mtaalamu naye amesema programu haipokei kanda, lazima imsikie mwenyewe.

Kwenye simu nilikwambia mashine inakaribia kuwaka. Nilidanganya, mama yako alikuwa ananikuna mgongo. Niambie nimekosea wapi.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi tuliobaki na afya tushukuru, mengine nitayasema hapa hapa bila kuzunguka.

Hukukosea. Nimekosea mimi, ninayelipwa kwa kujua mambo haya. Ndani ya ubao mama kuna programu ndogo inayokaa humo humo daima. Ndiyo inayouamsha ubao na kuutambulisha kwa vipande vyake kabla ya kitu kingine chochote. Ubao niliokutumia umelala kwenye rafu ya ghala zaidi ya mwaka. Prosesa imetoka kiwandani juzi tu. Programu ya ubao haijawahi kuisikia, kwa hiyo haiamki. Hakuna kilichoharibika. Ilitakiwa niangalie tarehe ya stika iliyo pembeni, na sikuangalia, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumwahi Kobe.

Dawa ni kubadilisha programu hiyo kwa mpya, lakini haiwezi kubadilishwa ubao ukiwa umelala. Basi nimeazima kwa mwenzangu wa kazini prosesa ya zamani, ambayo ubao unaijua. Ifunge hiyo kwanza. Picha itakuja. Chomeka flashi niliyokutumia, bonyeza kitufe cha kufuta wakati inawaka, utaona menyu, chagua jina nililoliandika kwenye karatasi ya manjano. Utaona mstari unajaa. Ukishajaa na mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, toa prosesa ya kuazima, weka mpya.

Sasa hapa, baba, nisomee mara mbili. MSTARI UKIANZA KUJAA USIZIME. Itachukua dakika nane, pengine kumi na tano. Pengine utaganda mahali pamoja mpaka uone umekufa. Uache ugande. Umeme ukikatika katikati, ubao unabaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, na hapo ndiyo basi tena, si kifo kinachotibika kwa kuchomelea waya. Kwa hiyo usitegemee umeme wa ukutani hata kidogo.

Mama anazungumzaje? Kwenye simu anajitahidi kwa ajili yangu, najua. Ananiambia maneno mafupi mafupi.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, lakini ndivyo barua zinavyoanza, acha likae.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Karatasi ya manjano niliifunga kwenye kasha kwa uzi, kama ninavyofanya kwa redio za wateja, kila chombo na maelezo yake. Seremala wa jirani akaniazima inveta na betri ya lori, nikatoa mashine ukutani kabisa. Mtaa mzima ungezimika na mimi nisijue. Nilianza saa nne asubuhi. Prosesa ya kuazima ikaingia, picha ikaja, mama yako akapiga makofi, akaenda chumbani kujinyoosha kwa sababu shingo siku hizi inamchosha. Nikachagua jina. Mstari ukaanza kujaa.

Ulifika zaidi ya nusu ukaganda, kama ulivyosema. Sikushtuka. Nilikalia mikono yangu yote miwili kama mtoto wa darasa la kwanza.

Halafu akaniita. "Baba Chiriku!"

Lazima nikueleze alivyoita. Wiki mbili alikuwa analitoa jina hilo vipande vipande, mara baba peke yake, mara mwisho tu. Siku ile lilitoka zima, kwa sauti ileile ya dirishani iliyokuwa inasikika mpaka getini. Nikainuka.

Unaijua sheria ya meza yangu, nilikufundisha ulipokuwa hufiki hata ukingoni mwake: fundi haondoki mezani umeme ukiwa juu ya meza. Niliiweka tangu mwenzangu alipoacha redio ya mteja imechomekwa akaenda kumsalimia mgeni, na kibanda chetu cha kwanza kikaungua chote. Miaka thelathini na moja mkono wangu wa kushoto unang'oa plagi kabla miguu haijasimama. Sijawahi kuuamuru, unafanya wenyewe. Nilikuwa nimeshaingia chumbani ndipo nikaiona plagi mkononi, waya wake umenifuata.

Alitaka nimfungulie dirisha. Nikafungua. Nikasimama pale naangalia nje, naangalia nguo za majirani kwenye kamba, mpaka akaniuliza kuna nini.

Ubao hauamki tena. Hata kwa prosesa ya kuazima, hauamki. Nimejaribu yote ninayoyajua na mengine nisiyoyajua. Nilijikinga na umeme wa serikali nzima, nikasahau kujikinga na mkono wangu.

Mama yako nimemwambia ubao ulikuja mbovu kutoka kiwandani. Nimewasingizia watu nisiowajua. Siwezi kumwambia nilichomoa, kwa sababu ataniuliza kwa nini niliinuka, na yeye si mtu wa kuachia swali njiani. Nisamehe, mwanangu. Siku tano sasa nafungua kibanda na sipokei kazi.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Barua tatu nimeandika nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Niliandika kwa herufi kubwa, baba. Kwa herufi kubwa! Nilikuwa na hasira mpaka kazini wakanirudisha nyumbani mapema. Kesho yake nikakumbuka stika ya pembeni, yenye tarehe iliyo wazi kabisa, ambayo ilihitaji nigeuze sanduku tu. Kwa hiyo sina mdomo wa kukusema.

Mbao za aina hiyo zimekwisha ghalani. Msimamizi anasema shehena nyingine inakuja baada ya wiki tano, na mbao nyingine zilizopo haziipokei prosesa ile. Nimezunguka maduka mawili, kote ni kuagiza na kusubiri vilevile. Nikamwomba msimamizi nichukue mojawapo ya mashine zinazokwenda kusagwa. Akasema zina namba na zinahesabiwa, pole sana. Ni mtu mwema, alisema pole kwa moyo wote. Nashinda katikati ya kompyuta mia nne kila siku iendayo kwa Mungu na sina hata moja ya kumpa mama yangu.

Usimwambie. Kama ubao ulikuja mbovu, basi ulikuja mbovu, na mimi nikiulizwa nitasema hivyohivyo.

Na ufungue kibanda upokee kazi. Akikuona umekaa tu ataanza kuchunguza.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe tano niliipata, na kola ya shingo niliipata, imemsaidia mama yako kukaa wima.

Uliniambia nisikufiche. Herufi ya r imeondoka, na k inakuja siku ikitaka. Asubuhi mpaka saa nne anaeleweka kwangu na kwa dada yake. Baada ya hapo ananielewesha mimi peke yangu, na hapo ninakisia zaidi kuliko kusikia. Sentensi zake bado anazisoma kila siku, zote mia sita, karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nimemwambia apumzike, aiweke akiba sauti. Amenitazama, akaendelea kusoma.

Jana kwenye simu alikuambia jambo refu, ukajibu, "Eeh mama, sawa mama." Alikuwa anakuuliza unamkumbuka yule mwalimu wako wa hesabu, amefariki. Ulipokata akaweka simu mezani akageukia ukuta. Sikulaumu, mimi mwenyewe nafanya hivyo mara tano kwa siku. Nakwambia tu kwamba anajua.

Kobe amepita jana mikono mitupu. Nilikwenda stendi mwenyewe, nikamsubiri mpaka abiria wa mwisho ashuke.

Baba yako

2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa mama.

Shehena imeingia Alhamisi. Safari hii sikumwachia mtu. Programu ya ubao nimeibadilisha mimi mwenyewe hapa mezani kwangu, mwenzangu amesimama mlangoni kuzuia watu, na nimeuwasha kwa prosesa pacha ya hiyo uliyonayo. Umeamka. Nimeuwasha mara ishirini na umeamka mara ishirini. Wewe weka tu, funga skrubu, chomeka. Hakuna cha kubadilisha, hakuna mstari.

Nilimpigia mama baada ya barua yako. Nikamwambia mama sikukusikia, sema tena. Alisema tena. Nikamwambia tena. Mara ya nne akacheka, au nadhani alicheka, na sikujua ni nini tunachokichekea. Nilikata simu nikaingia choo cha kazini nikalia mpaka watu wakabisha hodi.

Kobe ameapa siku nane. Nimempa mzigo mkononi, nikamwambia ni wa nini. Akauweka chini ya kiti chake mwenyewe.

Fanya asubuhi, baba, wakati bado anaeleweka. Tafadhali niandikie siku hiyohiyo.

Mwanao,
Chiriku

23 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kukuandikia, na umenipigia mara mbili nikakwambia mvua imezidi. Mama yako yupo, anakula kidogo, anakusalimu.

Kobe alifika siku ya saba. Mashine iliwaka papo hapo, mara ya kwanza, kazi yako ni safi na fundi mwenzako nakuvulia kofia. Mama yako alivaa blauzi yake ya kazini ya bluu, akapaka na mafuta ya midomo. Saa mbili asubuhi nilimwekea maikrofoni. Sentensi ya kwanza ni "Habari za asubuhi." Akaisoma. Mashine ikaandika kwa rangi nyekundu: Rudia. Akarudia. Rudia. Mara ya sita ikakubali, tukashikana mikono kama tuliofunga bao.

Sikuhesabu hizo nyekundu. Siku ya kwanza alipata tisa. Ya pili tano. Ya tatu hakupata hata moja, na aliendelea mpaka adhuhuri, akiifuta midomo kwa leso na kuisogelea maikrofoni karibu zaidi, kana kwamba ni mimi nisiyesikia. Ya nne akasoma moja tu, ile aliyoitunga mwenyewe na mtaalamu akakubali kuiingiza: "Wewe mwenye shati jekundu, rudi nyuma kwenye foleni." Nyekundu. Akanyoosha kidole akaizima programu mwenyewe. Mtaalamu amesema kwa sentensi kumi na nne mashine haitengenezi hata kikohozi chake. Angekuja na mia sita mwezi wa nne, anasema, zingekubaliwa karibu zote. Alisema hivyo mbele yangu, hakujua anasema na nani.

Kwa hiyo sasa anaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, ambacho bado ni chake, na mashine inasoma kwa sauti iliyokuja nayo. Ni ya binti mchangamfu, kama anatangaza sabuni. Mwanzoni niliizima nikawa namsomea mimi kwenye skrini. Siku mbili tu. Akaandika kwamba naruka maneno yake, namlainishia, na dada yake amepewa salamu ambazo yeye hakuzituma. Ni kweli. Nikairudisha.

Ninalotaka kukuambia ni la Jumapili. Tulikuwa tumemaliza kula, natengeneza redio ya seremala pale mezani, yeye yuko kwenye mashine nyuma yangu. Nilisikia herufi zinabonyezwa, moja, kimya, moja, kimya. Sikugeuka, nimezoea. Ilichukua muda mrefu, nilishamaliza kufunga mfuniko. Kisha yule binti akasema, kwa furaha yake ileile:

"Siku ile uliingia na plagi mkononi. Ni kwa sababu nilikuita."

Nilidhani hakuiona. Miezi miwili na nusu nilidhani hakuiona. Nikageuka, nikamwambia hapana, mama Chiriku, ubao ulikuja mbovu, hata mtoto amesema.

Unamjua mama yako. Miaka thelathini na minne hajaacha neno langu lipite bila kulirudisha. Uongo wangu angeufumua uzi mmoja mmoja mpaka nikiri, halafu anichekee, halafu anisamehe, na mambo yangekwisha hapo. Nilisimama nikisubiri. Nikimwomba Mungu aandike, nikimwomba pia asiandike.

Alinyanyua kidole. Akaziangalia zile herufi zote, moja baada ya nyingine, akakirudisha pajani.

Baba yako